Mgeni Mlangoni: Mazungumzo ya Bahati na Historia ya Lubumbashi

Mwishoni mwa mwaka 1973 mchoraji mmoja kijana alikuwa akizunguka katika miji ya shaba akiuza picha zake nyumba kwa nyumba. Jina lake lilikuwa Tshibumba Kanda Matulu. Alizaliwa mwaka 1947 katika mji uliokuwa ukiitwa Elisabethville, ambao tangu mwaka 1966 unaitwa Lubumbashi. Miongoni mwa milango aliyoibisha ulikuwamo wa Johannes Fabian, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Ujerumani, aliyekuwa akifundisha katika kampasi ya Lubumbashi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Hapakuwa na miadi kati yao. Mmoja alitafuta mnunuzi. Mwingine alikuwa na desturi ya kumkaribisha muuza picha na kumuuliza habari za kazi yake. Kutokana na hodi hiyo zilizaliwa picha 101 na saa nyingi za maongezi yaliyonaswa katika kanda, ambayo leo ni miongoni mwa masimulizi marefu kabisa ya historia ya Kongo yaliyowahi kutolewa kwa Kiswahili.

Wanahistoria hawapendi sana kukiri nafasi ya bahati katika kazi yao. Hupenda kusema kwamba walikwenda katika hifadhi fulani ya nyaraka, wakatafuta jambo fulani, wakalipata. Lakini sehemu kubwa ya yale yanayojulikana kuhusu fikra za wakazi wa kawaida wa Lubumbashi haikutafutwa hivyo. Ilipatikana kwa sababu mtu asiyejulikana alibisha hodi, au alikaribishwa chakula, au aliachiwa nafasi ya kusema zaidi ya alilokuwa ameulizwa. Makala haya yanalitazama jambo hilo, na hasa yanaitazama lugha iliyoliwezesha.

Yafaa kukumbuka kwamba mji wenyewe ni mji wa wasafiri. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ikafika, na mji ukaanza. Wafanyakazi walikuja kutoka kusini ya mipaka, kutoka Kasai, kutoka vijiji vya Katanga yenyewe, na tangu miaka ya 1920 kutoka Ruanda-Urundi pia. Mtu aliyeteremka katika stesheni alikutana na jirani asiyejua lugha ya mama yake. Kiswahili, ambacho kilikwisha kufika katika nchi ya Msiri pamoja na misafara ya biashara katika karne ya 19, kikawa lugha ya mgodini, ya sokoni, ya uani, na hatimaye ya watoto. Kwa hiyo katika Lubumbashi kuongea na mgeni halikuwa tukio la mara moja katika maisha. Lilikuwa hali ya kila siku, na lugha nzima ilikua ndani ya hali hiyo.

Waliotunga vitabu vya kufundishia lugha hiyo, hata hivyo, hawakuyategemea mazungumzo ya namna hiyo. Mwaka 1880 daktari Mbelgiji Pierre Dutrieux alichapisha msamiati wa Kifaransa na Kiswahili kwa ajili ya wasafiri wa Chama cha Kimataifa cha Afrika, na baada yake vilifuata vingine vingi. Fabian mwenyewe alivichambua vitabu hivyo katika kazi yake ya mwaka 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni. Anayevisoma huona upesi kwamba sentensi zake nyingi ni amri: lete, beba, ngoja, haraka. Maswali yake ni ya kutaka njia, maji na chakula. Ni nadra mno kumkuta humo msafiri anayemuuliza mwenyeji alikotoka au anachokumbuka. Lugha imekatwa ikabaki upande mmoja tu wa mazungumzo, na msikilizaji hana jibu jingine ila kutii. Hilo si kosa dogo la waandishi waliokuwa na haraka. Ni picha ya ule uhusiano waliotaka kuujenga.

Ukiweka kitabu cha aina hiyo kando ya kanda za mwaka 1973 na 1974, tofauti yake inagonga sikio. Tshibumba hakuja kupokea amri. Baada ya picha za mwanzo kuuzwa, alijieleza kwamba yeye ni mwanahistoria kwa brashi yake, na kwamba angeweza kuchora historia ya nchi nzima kama angepata wa kuipokea. Fabian akakubali kuzinunua. Mchoraji akawa anakuja na picha kwa mafungu, zilizochorwa juu ya vitambaa vya magunia ya unga, kisha wawili hao wanakaa, kinasa sauti kinafunguliwa, na picha moja baada ya nyingine inasimuliwa. Mfululizo huo unaanzia nchi ya kale kabla ya Wazungu, unapita katika utawala wa Wabelgiji, uhuru, kujitenga kwa Katanga, kifo cha Lumumba na utawala wa Mobutu, na unaishia na picha za wakati ujao, ambazo hazina furaha.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha uzito wa kazi hiyo. Mnamo Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai mishahara, na askari wakawafyatulia risasi katika uwanja wa mpira wa Elisabethville. Kiongozi wao Léonard Mpoyi aliuawa. Katika vitabu vya shule vya wakati wa ukoloni habari hiyo haikuwamo. Mchoraji aliyezaliwa miaka sita baadaye aliijua, aliichora, na alimweleza mgeni wake kama jambo ambalo kila mtu wa mji analifahamu. Vivyo hivyo kuhusu kuletwa kwa Patrice Lumumba Elisabethville tarehe 17 Januari 1961, siku ya kifo chake. Tshibumba aliirudia habari hiyo katika picha kadhaa, naye alimwona Lumumba kama mtu aliyeteswa kwa ajili ya wengine, jinsi Wakristo wanavyomwona Yesu. Mwanahistoria anaweza kubishana naye juu ya tarehe au mahali. Ni vigumu kubishana naye juu ya maana ambayo watu wa mji waliyapa mambo hayo.

Katika mazungumzo hayo na mengine yaliyofanywa na wachoraji wa Shaba limejitokeza neno ambalo linawahusu hasa wanafunzi wa Kiswahili: ukumbusho. Kwa msemaji wa pwani neno hilo huelekea kwenye kitu kinachohifadhi jina la marehemu au siku kuu. Kwa wakazi wa Lubumbashi wa miaka ya 1970 ukumbusho ulikuwa picha inayotundikwa sebuleni ili imfanye mwenye nyumba na wageni wake wafikiri na waongee. Iligawanyika kwa wakati: mambo ya bankambo, yaani ya wazee waliotangulia, mambo ya zamani, na mambo ya sasa. Picha ya mjeledi wa koloni la Wabelgiji, au ya mtu aliyebanwa kati ya simba, nyoka na mamba, ilikuwa kiti cha mazungumzo. Mgeni akiingia anaitazama, mwenyeji anaanza kusimulia. Kwa maneno mengine, picha yenyewe ilitengenezwa kwa ajili ya maongezi na mtu ambaye bado hajazoewa. Fabian hakufanya jambo geni alipouliza, “Hii ni nini?” Alifanya kile ambacho picha ilikuwa ikimtaka kila mgeni akifanye.

Hapa lazima pia isemwe kwamba hodi ile haikuwa ya watu walio sawa. Mmoja alikuwa na mshahara wa chuo kikuu na tikiti ya kurudia kwao. Mwingine alikuwa na familia ya kulisha kwa picha moja moja. Pasipo mnunuzi, mfululizo wa picha 101 pengine usingekuwapo, wala masimulizi yake. Wapo wanaoona kwamba jambo hilo linaharibu ushahidi, kwa kuwa mchoraji alisema yale ambayo yangemfurahisha mteja wake. Hoja hiyo ina nguvu, lakini haitoshi. Anayesoma maandishi ya kanda hizo humkuta mchoraji akimsahihisha msomi, akimcheka, na mara nyingine akikataa njia ambayo swali linataka kumpeleka. Mtu anayesema ili afurahishe tu hafanyi hivyo. Zaidi ya hayo, Kiswahili hakikuwa lugha ya mababu wa yeyote kati yao. Wazazi wa Tshibumba walikuwa na asili ya Kasai. Fabian alijifunza Kiswahili chake katika Katanga hiyo hiyo tangu mwaka 1966, alipokuwa akiuchunguza umoja wa Jamaa ulioanzishwa na padri Placide Tempels. Walikutana katika lugha ya mji, na katika lugha hiyo aliyekuwa mwenyeji zaidi ni mchoraji.

Mwaka 1974 yalitokea mazungumzo mengine ya namna hiyo, safari hii na mganga wa mitishamba aliyeitwa kuifunga nyumba ya Fabian ili wezi wasiingie. Kazi yake ilipokwisha, alikaa akaeleza alichofanya na jinsi alivyoupata ujuzi wake. Maongezi hayo yalikaa katika kanda zaidi ya miaka thelathini kabla ya kuwa msingi wa kitabu kizima mwaka 2008.

Tukio la mwaka 1986 ni tofauti kidogo, kwani waliokuwapo hawakuwa wageni kabisa kwa kila mmoja. Fabian alikuwa amerudi Lubumbashi, na wakati wa chakula maneno yalielekea kwenye firigisi ya kuku, ambayo kwa desturi za sehemu nyingi huwekewa mkubwa wa nyumba. Mmoja wa waliokaa akatamka kwa Kifaransa msemo wenye maana kwamba madaraka huliwa mazima. Mgeni akauliza maana yake. Kila aliyeulizwa alikuwa na jibu lake: kwamba mkubwa hagawi ukubwa wake, kwamba madaraka hayana nusu, au kwamba anayeyala peke yake yatamkaba. Swali likalifikia kundi la maigizo la Mufwankolo, lililojulikana mjini kote kwa michezo yake ya Kiswahili katika redio na televisheni. Wachezaji hawakutaka kulijibu kwa maelezo. Walitunga mchezo, wakaufanyia mazoezi, kisha wakauigiza mbele ya kamera za televisheni katika kijiji cha Kawama, karibu na mji. Nchi ilikuwa chini ya chama kimoja, na mtu mmoja alikuwa ameyashika madaraka yote kwa miaka zaidi ya ishirini. Kuuliza waziwazi maana ya kula madaraka mazima halikuwa swali la isimu peke yake, na wachezaji walilijua hilo kuliko mgeni aliyeuliza.

Si kila mazungumzo yaliyoandikwa yalihitaji mgeni kutoka ng'ambo. Mwaka 1965 André Yav, akiwaandikia wenzake wafanyakazi wa nyumbani, alitunga maandishi ya Kiswahili yaitwayo “Msamiati wa mji wa Elisabethville”, ingawa kichwa chake kiko kwa Kifaransa. Ni historia ya mji kama ilivyoonwa kutoka jikoni na uani, na kama ilivyosikiwa kutoka kwa wazee waliowatumikia Wazungu wa kwanza. Maneno yake yalipigwa chapa bila kufuata mgawanyo ambao shule zingeutarajia, hata msomaji wa kimyakimya hupotea. Wakati wa kuyatayarisha kwa ajili ya toleo la mwaka 1990, Kalundi Mango aliyasoma kwa sauti, na hapo ndipo sentensi zilipofunguka. Maandishi yalikuwa yakingoja sauti ya mtu wa Lubumbashi.

Jambo hilo lina uzito kwa chuo kikuu. Kwa muda mrefu Kiswahili cha Lubumbashi kimetajwa kama Kiswahili kilichoharibika: kinasema “bantu” na “bintu”, kinasema “niko nasema” panapotarajiwa “ninasema”, na hakijali sana upatanisho wa ngeli. Edgar Polomé, aliyefundisha Elisabethville kabla ya uhuru, alikwisha kuonyesha katika miaka ya 1960 kwamba kina kanuni zake. Hata hivyo mwanafunzi anayepewa kazi ya kunakili kanda bado hushawishika kuisahihisha. Huandika “watu” mahali msemaji aliposema “bantu”, huondoa Kifaransa kilichoingia katikati ya sentensi, hufuta kusitasita. Anapomaliza, mchoraji amekuwa mwalimu wa shule ya msingi wa Tanga. Kilichofutwa ndicho kilichowezesha mtu wa Kasai, mtu wa Rwanda, Mlunda na Mjerumani kuketi kwenye meza moja. Na pamoja nacho hufutwa pia ushahidi wa jinsi historia ilivyosimuliwa, kwa maana Tshibumba hubadili lugha anapobadili msimamo: Kifaransa kikija, mara nyingi ni sauti ya serikali au ya gazeti inayosemeshwa kwa kinywa chake.

Kitabu cha Fabian juu ya picha hizo kilitoka mwaka 1996, na baadaye maandishi ya kanda kwa Kiswahili yakawekwa katika tovuti ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuifungua. Picha zenyewe ziko Amsterdam, katika jumba la makumbusho lililoitwa Tropenmuseum hadi mwaka 2023. Bogumil Jewsiewicki naye alikusanya na kuchunguza kazi nyingine za mchoraji huyo huyo, na tangu mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwamo Donatien Dibwe dia Mwembu, wameziendeleza kazi za namna hiyo kwa kuwakusanya wakazi wa mji wenyewe wasimulie kumbukumbu zao mbele ya majirani zao. Katika mikutano hiyo anayeuliza na anayejibu huweza kurudi nyumbani kwa barabara moja.

Tshibumba hakuona lolote kati ya hayo. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hajulikani aliko. Sauti yake imo katika kanda, ikieleza picha ambazo watu wengi wa mji wake hawajapata kuziona.