Mtoto Mnono na Ugonjwa wa Mishipa ya Fahamu

Akina mama na walezi wa Garsen, Minjila, Ngao, Idsowe na kwingineko kandokando ya Tana, leo tuzungumze juu ya ugonjwa ambao wengi wetu hatujausikia, na juu ya kitu tunachokipenda sana: mtoto aliyenona.

Tuna sababu ya kukipenda. Mto ukijaa vizuri huacha tope, na tope hutupa mpunga, mahindi na ndizi. Ukikosa kujaa, au ukijaa kupita kiasi, shamba hakuna na ng'ombe hukonda. Bibi aliyeona njaa ya 1984, mafuriko ya El Nino ya 1997 na ukame wa 2020 hadi 2022, akimwona mjukuu ana mashavu humshukuru Mungu. Mimi simlaumu hata kidogo.

Ugonjwa wenyewe huitwa maltipo sklerosisi, kwa kifupi MS. Mwaka 1868 daktari Jean-Martin Charcot wa hospitali ya Salpêtrière, Paris, aliueleza wazi baada ya kuona makovu katika ubongo na uti wa mgongo wa wagonjwa waliofariki. Kinga ya mwili huacha kazi yake ikashambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu, kama panya anavyoguguna plastiki ya waya wa umeme. Hauambukizwi, wala mtu harogwi akaupata.

Ni kweli kwamba MS huonekana zaidi katika nchi zilizo mbali na Ikweta, na kwa miaka mingi ilidhaniwa haituhusu. Lakini mwaka 1989 jarida la East African Medical Journal lilichapisha makala juu ya MS hapa hapa Kenya. Kwa watoto ni nadra: katika wagonjwa 100, kama 3 hadi 5 ndio walioanza kuugua kabla ya miaka 18.

Habari ya unene ilikuja baadaye. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani waliofuatilia wauguzi wanawake zaidi ya 200,000 waliona kuwa waliokuwa wanene mno wakiwa na miaka 18 walipata MS kama mara mbili zaidi ya wenzao. Mwaka 2013, huko California, wasichana wanene kupindukia walionekana kuwa na hatari karibu mara nne. Mafuta ya mwilini hayakai tu: hutoa kemikali zinazoichochea kinga, na huishikilia vitamini D isifanye kazi yake. Mwaka 2019 Wajerumani waliangalia watoto 453 wenye MS, wakaona wale wanene hushikwa mara nyingi zaidi hata wakiwa kwenye dawa za mwanzo.

Usiogope, mama. Unene peke yake hauleti MS. Watoto wengi wanene hawataipata maisha yao yote. Mwaka 2022 ilionekana kwamba kirusi cha Epstein-Barr, ambacho karibu kila mtu hukipata, kina sehemu kubwa.

Wala usimpunguzie mtoto mdogo chakula. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta katika kila watoto 100 wa chini ya miaka 5, 18 wamedumaa na 3 tu wamezidi uzito. Ninayemsema ni yule kijana wa soda na mandazi asubuhi, viazi vya kukaanga jioni, na bodaboda hata kwenda dukani. Huyo apewe samaki, kunde, mchicha na embe, na atembee.

Jicho moja likiona ukungu na kuuma, mguu ukifa ganzi au kulegea, au mtoto akiyumba kwa zaidi ya siku moja, usiseme ni majini. Nenda hospitali. Huenda ukatumwa Mombasa au Nairobi kwa picha ya MRI. Dawa haziuondoi ugonjwa, lakini hupunguza mashambulizi, na zikianza mapema husaidia zaidi. Kabla ya kuondoka nyumbani, andika siku dalili ilipoanza, na ni jicho lipi au mguu upi.