Kumbukumbu Haitoshi

Saa nne usiku, chumbani kwangu Kahama, kompyuta ilinijibu kwa maneno mawili: kumbukumbu haitoshi. Faili lilikuwa na gigabaiti 1.2, mashine ina RAM ya gigabaiti 4. Kwa hesabu ya shule ya msingi, lilipaswa kuingia.

Lilikuwa modeli ya vitalu: mwamba wote wa mgodi umekatwa kwenye hesabu kuwa vipande vidogo, kila kipande na mahali pake, uzito wake, aina ya jiwe na makadirio ya dhahabu. Mistari milioni 9, safu 20.

Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, mwaka mmoja tu baada ya kompyuta ya kwanza nchini kufungwa Wizara ya Fedha. Makarani wake waliandika kwa mkono. Kilichowaishia kilikuwa nafasi kabatini. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kwa hiyo migodi mikubwa ya sasa, Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, ilianza kazi zama za biti 32, na zama hizo zilikuwa na dari lake. Biti 32 zinahesabu anwani 4,294,967,296 basi, na Windows kwa kawaida iliipa kila programu nusu yake, gigabaiti 2. Excel nayo iliishia mistari 65,536 hadi toleo la 2007 lilipoifikisha 1,048,576.

Hilo la mwisho ndilo lililoniumiza. Kabla ya usiku ule nilikuwa nimelifungua faili kwa Excel. Ikanionya kwamba halikuingia lote. Nikabonyeza sawa (nani husoma maonyo?), nikarekebisha kichwa cha safu moja, nikahifadhi juu ya lile lile. Vitalu vilikuwa vimepangwa kuanzia juu kwenda chini. Kila kilichokuwa chini ya mstari wa milioni moja na ushee kilipotea, yaani karibu mgodi wote. Ripoti ilitakiwa asubuhi.

Mwenzangu alikuwa na nakala kwenye flashi. Nikaifuata kwa bodaboda, nikarudi, nikajaribu kwa Python, na ndipo yale maneno mawili yakatokea.

Diskini, namba 2.1 ni herufi tatu. Ikiingia kwenye RAM inachukua baiti 8, hata kama ni sifuri. Jina la jiwe ni ghali zaidi: neno "graniti" laweza kuhifadhiwa upya mamilioni ya mara, kila mara na mzigo wake wa baiti hamsini na kitu. Wakati wa kusoma, programu hushika na nakala za muda. Kivinjari changu kilikuwa kimefungua kurasa kumi na nne, nacho kilikuwa kinakula sahani ile ile.

Nikakifunga. Nikaomba safu sita nilizozihitaji badala ya 20. Namba nikazipa baiti 4, majina ya mawe nikayageuza kuwa orodha fupi yenye alama ya baiti moja kwa kila kitalu. Kisha nikasoma mistari laki tano kwa mkupuo, nikijumlisha tani na kuliacha fungu lililokwisha.

Saa saba kasoro, fungu la kumi na nane likapita. Vitalu vya chini kabisa vilikuwepo. Nikaweka nakala mbili za faili, nikazizuia zote mbili zisiandikwe juu.