Nembo
Baiskeli kuukuu ya Kijapani ikionekana Ikinga, Ileje, rangi imebabuka, mjuzi huinama chini ya usukani kutafuta nembo. Zamani nembo zilikuwa chale za usoni, kama za Wamakonde, zilizomtambulisha mtu na kwao. Leo tuna Nembo ya Taifa, na hiki kibati kilichopigwa ribiti shingoni mwa fremu. Na mimi silioni hitaji la kusema “logo”. Kibati kikiwa kimeng'oka, tazama kufuli la duara la gurudumu la nyuma, au kibandiko chenye maandishi ya Kijapani. Nembo ikisomeka Bridgestone, hilo ni jina la ukoo la mwasisi wa kampuni, Shojiro Ishibashi, yaani daraja la mawe, lililopinduliwa kwa Kiingereza. Fundi akiipaka baiskeli rangi, asikifunike kibati.