Thor Akitua Liuli: Alhamisi ya Radi Ziwa Nyasa na Watu Ambao Hawakutajwa Majina

Wadau wa Marvel, tuanze na swali jepesi. Kwenye filamu ya Thor ya mwaka 2011, Loki anatuma lile jitu la chuma, Destroyer, kwenye mji mdogo wa New Mexico. Linachoma magari, linavunja majengo, watu wanakimbia ovyo barabarani. Sasa niambie, yule mwenye duka lililoungua alikuwa anaitwa nani?

Hujui. Hata mimi sijui, kwa sababu filamu yenyewe haikujali. Sisi tulikuwa tunamwangalia Chris Hemsworth na nyundo yake.

Leo twende Liuli, mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma. Kama hupajui, Liuli ipo wilaya ya Nyasa, ile iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Mahali hapa pametulia, maji safi, samaki, mawe makubwa ya ajabu. Na zaidi ya miaka 100 iliyopita palitokea jambo ambalo mtu wa Hollywood akilisikia ataomba haki za filamu siku hiyo hiyo.

Kwanza tumjue mwenye nyundo. Thor hakuzaliwa Marvel. Alikuwa mungu wa radi wa watu wa Skandinavia, na hadithi zake nyingi tunazijua kupitia maandishi ya Iceland ya karne ya 13. Marvel walimchukua mwaka 1962, wakamweka kwenye toleo la 83 la Journey into Mystery, na maadui wake wa kwanza mle ndani walikuwa watu wa mawe kutoka sayari ya Zohali. Ila hata kabla ya vitabu vya katuni, Wazungu walikuwa wanamtaja kila wiki bila kufikiria. Waingereza wanaiita Alhamisi Thursday, yaani siku ya Thor. Wajerumani wanaiita Donnerstag, siku ya radi.

Shika hapo hapo. Tutarudi.

Enzi za Mjerumani, Liuli iliitwa Sphinxhafen, maana yake bandari ya Sphinx. Kuna mwamba pale uliowakumbusha ile sanamu ya Misri yenye mwili wa simba na kichwa cha mtu. Wenyeji walikuwepo, mahali palikuwa na watu wake, lakini kwenye ramani likaandikwa jina la Misri kwa Kijerumani. Ndivyo mambo yalivyokwenda.

Pale Sphinxhafen palikuwa na meli ya mvuke iliyoitwa Hermann von Wissmann. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1890, ikaletwa vipande vipande kupitia mito ya Zambezi na Shire. Na kama unavyojua, Shire ina maporomoko, meli haipiti. Kwa hiyo vyuma vile vilipanda juu ya mabega ya watu. Meli nzima, mdau! Jina la aliyempa meli heshima lipo: Wissmann, afisa na gavana wa Kijerumani aliyepigana na kina Bushiri kule pwani. Majina ya waliobeba hatuna.

Upande wa pili wa ziwa, Nyasaland ya Mwingereza (Malawi ya leo), kulikuwa na meli ya Gwendolen, nahodha wake Rhoades. Nahodha wa Wissmann alikuwa Berndt. Na hapa ndipo utamu ulipo: hawa jamaa wawili walikuwa washkaji. Walikuwa wakikutana ziwani wanakunywa pamoja. Kama unawawaza Thor na Loki wakiwa bado wanakula meza moja Asgard, hujakosea sana.

Tarehe 4 Agosti 1914 Uingereza ikaingia vitani na Ujerumani. Habari ikamfikia Rhoades pamoja na amri ya kwenda kuizima meli ya Mjerumani. Berndt yeye hakuwa na taarifa yoyote. Meli yake ilikuwa imevutwa nchi kavu pale Sphinxhafen, inafanyiwa matengenezo, na yeye katulia zake.

Tarehe 13 Agosti Gwendolen ikatokea, ikaanza kupiga mzinga. Makombora kadhaa yakakosa, mpaka moja likaipata Wissmann. Berndt akaruka kwenye kiboti kidogo akapigiwa makasia mpaka kwenye Gwendolen huku akifoka. Inasimuliwa kwamba alimuuliza Rhoades kama amelewa. Rhoades akamweleza: kuna vita, na wewe sasa ni mfungwa wangu. Huo ndio unaotajwa mara nyingi kuwa ushindi wa kwanza wa majini wa Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Ukapatikana Liuli, dhidi ya meli iliyokuwa juu ya ardhi.

Sasa angalia kalenda. Tarehe 13 Agosti 1914 ilikuwa Alhamisi. Thursday kwa Rhoades, Donnerstag kwa Berndt. Siku ya mungu wa radi kwa wote wawili, na radi yenyewe ikapiga Ziwa Nyasa. Ni bahati tu ya tarehe, sawa, lakini Stan Lee asingeipanga vizuri zaidi.

Kisa hiki Wazungu wanakipenda sana. Kinasimuliwa kama kichekesho: marafiki wawili, pombe, nahodha anayefoka kwenye kiboti. Na kweli kinachekesha. Shida ni kwamba ukikisoma kwa utulivu unagundua kimesimuliwa kama zile dakika za Destroyer New Mexico. Wenye nyundo wana majina. Mji hauna mtu.

Lakini watu walikuwepo. Meli za mvuke za ziwani zilikuwa zinakula kuni, na kuni hazijikati. Kuna aliyekuwa anapasua magogo, kuna aliyekuwa anachochea moto tumboni mwa Gwendolen. Mle ndani walikuwemo mabaharia na askari Waafrika. Ufukweni kulikuwa na kijiji, wavuvi, akina mama na watoto, wakisikia mlipuko wa mzinga bila kujua ugomvi umeanzia wapi. Kumbuka pia kwamba miaka saba tu kabla ya hapo Vita vya Majimaji vilikuwa vimeisha, na Ungoni jirani pale ilikuwa imepigwa vibaya kwa bunduki na njaa. Kwa mtu wa Ruvuma wa mwaka 1914, mlio wa silaha ya Mzungu haukuwa sinema.

Na hadithi haikuishia kwenye kicheko. Tarehe 30 Mei 1915 Waingereza walirudi Sphinxhafen, safari hii kwa mapigano ya kweli, ili meli ile isifanye kazi tena. Baadaye wakaichukua, wakaitengeneza, wakaipa jina la King George V. Bandari ina jina la Misri, meli ina jina la gavana, halafu jina la mfalme. Majina yalikuwepo ya kutosha, ila yaligawiwa kwa upande mmoja.

Vita hivyo vilizunguka Afrika Mashariki miaka minne. Jeshi la Lettow-Vorbeck lilivuka Ruvuma kwenda Msumbiji mwishoni mwa 1917, likavuka tena kurudi Septemba 1918, likapita nchi ya Ungoni, na likasalimu amri tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Kila jeshi lilipopita lilichukua chakula na lilichukua watu wa kubeba mizigo. Wanahistoria wengi wanakadiria kwamba kwa upande wa Mwingereza peke yake wapagazi karibu 100,000 walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa kuliko risasi. Uwanja wa Taifa pale Temeke unaingiza watu 60,000. Ujaze, ufurike, bado hujawamaliza.

Kama uko Dar, wapagazi hao unawataja kila siku. Unaposema "naenda Kariakoo" unataja Carrier Corps, kikosi chao, kilichokuwa na kambi pale. Ukishuka Posta unapita pembeni ya sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927. Kabla yake, kwenye eneo lile lile Wajerumani walikuwa wameweka sanamu ya nani? Wissmann, yule yule wa meli ya Liuli. Waingereza waliiondoa walipouteka mji. Basi Wissmann alipewa sanamu yenye jina. Askari wetu akapewa sanamu isiyo na jina, yaani anasimama badala ya wote.

Turudi kwa Thor. Kwenye ile filamu ya 2011, nyundo inamkataa kwa sababu ana kiburi. Inamrudia pale tu anapokubali kufa ili wale watu wa mjini, wasiotajwa majina, wapone. Hicho ndicho kipimo cha kustahili. Na mwaka 2016, kwenye Captain America: Civil War, Marvel wenyewe walilazimika kujibu swali: mama mmoja anamfuata Tony Stark kumwambia mwanawe amekufa kwenye vurugu za mashujaa. Ilichukua filamu zaidi ya kumi kwa mtu wa kawaida kupata nafasi ya kusema jina la marehemu wake.

Sisi tunaweza kuwahi. Tazama Songea: viongozi wa Wangoni walionyongwa na Mjerumani Februari 1906 hawajapotea, kwa sababu kila mwaka tarehe 27 Februari watu wanakusanyika na kuwakumbuka. Hakuna uchawi pale. Watu waliamua tu kwamba majina yale yasifutike.

Kwa wapagazi na wakata kuni wa mwambao wa Nyasa muda unakimbia. Waliobeba hawapo tena, watoto wao wengi wametangulia, wamebaki wajukuu ambao leo ni wazee. Kwa hiyo ukienda likizo Liuli, Mbamba Bay, Lituhi au Mbinga, piga picha zako za mawe na machweo, hakuna ubaya. Ila kaa na bibi au babu nusu saa, muulize: nani kwenye ukoo wetu alibebeshwa mizigo vita vya Mjerumani? Akikutajia, andika hapa chini. Hata kama ni jina moja tu.