Posta ya Wajerumani, Lamu

Wengi wetu tumepita mbele ya nyumba hii tangu utotoni bila kugeuza shingo. Ilifunguliwa kuwa posta tarehe 22 Novemba 1888, ya kwanza ya Wajerumani katika pwani ya Afrika Mashariki. Ajabu ni kwamba Lamu haikuwa yao. Ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Walichotaka ni Witu, upande wa bara, ambako ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt, walikuwa wamepewa ardhi na Sultani Ahmed, yule aliyeitwa Simba. Barua za huko zilipitia bandari yetu.

Mwaka 1890 Ujerumani iliiachia Uingereza Witu, na 1891 posta ikafungwa. Hata miaka mitatu haikutimia!

Nyumba yenyewe si ya Kizungu. Ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, dari ya boriti za mikoko, kama za babu zetu. Urefu wa boriti ndio huamua upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba. Tangu 1996 ni makumbusho.

Mimi ni mhasibu, basi nitasema la fedha. Ukuta wa matumbawe ukipigwa lipu ya saruji hufungia unyevu ndani, lipu ikabanduka, nasi tukalipa mara ya pili. Napendekeza fungu la majengo katika mchango wa mwaka huu liende kwenye chokaa, na kwa mafundi wanaoijua kuwafundisha vijana wetu.