Jinsi ya kufuatilia vipande vya video vilivyokwisha kutumika

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii yamfaa sana mhariri wa video, ambaye hupokea saa nyingi za picha na kutakiwa kuzipunguza ziwe dakika chache. Asipojua ni vipande vipi amevitumia, huenda akaonyesha tukio moja mara mbili au akasahau picha iliyokuwa bora kuliko zote.

Filamu ya Apocalypse Now, iliyotolewa mwaka wa 1979, ilitokana na zaidi ya saa 230 za picha, ilhali watazamaji waliona takriban saa mbili na nusu pekee.

Enzi hizo, utepe wenyewe ndio uliokuwa kumbukumbu. Kipande kilichokatwa kiliondoka mahali pake, na mabaki yakatundikwa kwenye kulabu. Nambari zilizochapishwa ukingoni mwa utepe zilionyesha kila picha ilikotoka. Aidha, kwa kuwa utepe wa asili ulikuwa mmoja tu, picha haikuweza kutumika mara mbili bila kutengenezewa nakala.

Tarakilishi iliondoa kizuizi hicho. Katika programu za kuhariri, faili ya asili haikatwi. Programu huandika tu mahali kipande kinapoanzia na kinapoishia. Hivyo basi, picha moja yaweza kurudiwa mara nyingi bila dalili yoyote, isipokuwa mhariri aiombe programu imwonyeshe.

Kila programu ina njia yake. Final Cut Pro huchora mstari wa rangi ya chungwa chini ya sehemu iliyotumika, mradi mhariri awe ameiwasha huduma hiyo katika menyu. Premiere Pro huonyesha idadi ya mara ambazo kipande kimetumika, na pia mahali kilipo katika mfuatano. Media Composer ya kampuni ya Avid huweka mistari ya rangi juu ya picha zilizorudiwa.

Hata hivyo, alama hizo zina mipaka. Alama ya Final Cut Pro huhusu kazi iliyofunguliwa wakati huo. Kipande kisicho na mstari chaweza kuwa kimetumika katika kazi nyingine. Faili iliyoingizwa mara mbili huenda ikahesabiwa kama faili mbili tofauti. Vilevile, alama hizo hazihesabu vipande vilivyomo ndani ya video iliyokwisha kuunganishwa na kutolewa kama faili moja.

Hatari kubwa zaidi ni kufuta. Katika Premiere Pro, amri ya kuondoa visivyotumika hutoa vipande katika orodha ya kazi pekee; faili husalia kwenye diski. Anayefuta faili zenyewe ili apate nafasi hana budi kwanza kuhifadhi nakala kwenye diski nyingine, kwani picha za harusi au mazishi hazipigwi upya.

Hatimaye, programu huhesabu faili, haihesabu maana. Bi harusi akipigwa picha na kamera mbili akikata keki, programu itaona vipande viwili tofauti, lakini mtazamaji ataona keki moja ikikatwa mara mbili. Kazi ya kugundua hilo ingali ya mhariri mwenyewe.