Siku ya Malipo: Historia ya Mafao ya Ulemavu Nchini Marekani

Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani, iliyotiwa saini na Rais Franklin D. Roosevelt tarehe 14 Agosti 1935, iliweka pensheni kwa wafanyakazi waliozeeka. Vipofu maskini walitengewa msaada kupitia majimbo yao, lakini mfanyakazi aliyepooza akiwa na miaka 40 hakuwa na fungu katika bima hiyo, hata kama alikuwa amekatwa michango kwenye mshahara wake. Pengo hilo lilianza kuzibwa tarehe 1 Agosti 1956, Rais Dwight Eisenhower alipoidhinisha bima ya ulemavu. Mafao ya kwanza yalikuwa ya mwezi wa Julai 1957, na waliostahili ni wenye umri wa miaka 50 hadi 64 tu. Sharti la kufikisha miaka 50 liliondolewa mwaka 1960.

Tangu mwanzo, sheria ilimtaka mwenye ulemavu asubiri kwanza. Muda huo ulikuwa miezi 6, na shabaha yake ilikuwa kutenganisha maradhi ya kupita na ulemavu wa muda mrefu. Marekebisho ya 1972 yaliupunguza ukawa miezi 5 kamili ya kalenda. Aidha, fao la kila mwezi hulipwa mwezi unaofuata. Kwa hiyo mtu aliyepata ulemavu katikati ya Januari husubiri kuanzia Februari hadi Juni. Fao lake la kwanza ni la Julai, na fedha zenyewe humfikia Agosti. Mwishoni mwa 2020, wagonjwa wa ALS, maradhi yanayodhoofisha misuli na kuua haraka, waliondolewa sharti hilo la kusubiri.

Marekebisho hayo ya 1972 yalizaa pia mpango wa pili, SSI, ulioanza Januari 1974 kwa wazee, vipofu na watu wenye ulemavu wenye kipato duni. SSI haitegemei michango. Hutegemea hali ya maisha ya mhusika, na hulipwa tarehe 1 kwa ajili ya mwezi ule ule. Sheria ya 1996 iliwawekea wakimbizi ukomo wa miaka 5 katika mpango huu, ukaongezwa kuwa miaka 7 mwaka uliofuata. Kanuni hiyo inazigusa familia za wakimbizi kutoka Kongo, wengi wao wasemaji wa Kiswahili: mzazi mwenye ulemavu asiyepata uraia ndani ya muda huo huweza kukatiwa malipo.

Kwa miongo mingi, mafao ya bima yalilipwa tarehe 3 ya kila mwezi kwa watu wote. Kadiri walipwaji walivyozidi kuwa mamilioni, siku za mwanzo wa mwezi zikawa za msongamano katika posta, benki na ofisi za Hifadhi ya Jamii. Ndipo mwaka 1997 malipo yalipogawanywa kwa tarehe ya kuzaliwa. Aliyezaliwa kati ya tarehe 1 na 10 hulipwa Jumatano ya pili ya mwezi. Kati ya 11 na 20, Jumatano ya tatu. Na kuanzia 21, Jumatano ya nne. Mtoto au mwenzi anayelipwa kupitia michango ya mfanyakazi hufuata tarehe ya kuzaliwa ya mfanyakazi huyo. Walioanza kulipwa kabla ya Mei 1997 walibaki na tarehe 3, pamoja na wanaopokea mafao ya bima na SSI kwa wakati mmoja.

Siku ya malipo ikiangukia mwisho wa wiki au sikukuu ya kitaifa, fedha hutangulizwa hadi siku ya kazi iliyo kabla yake. SSI ya Januari, kwa mfano, huingia mwishoni mwa Desemba kwa sababu tarehe 1 ni sikukuu. Kwa kawaida Desemba hiyo huwa na malipo mawili na Januari haina hata moja. Familia isiyoijua kanuni hii huweza kudhani imeongezewa, ikatumia fedha za mwezi ujao.

Njia ya kufikisha fedha nayo ilibadilika. Hundi za posta ziliweza kuibwa au kuchelewa. Kuweka fedha moja kwa moja benki kulianza miaka ya 1970, na mwaka 2008 ikaja kadi maalumu kwa wasio na akaunti. Kuanzia Machi 2013 malipo ya kielektroniki yakawa ndiyo kanuni. Nyongeza ya kufidia kupanda kwa bei, iliyoanza kutolewa bila kusubiri sheria mpya mwaka 1975, huonekana katika malipo ya Januari tangu marekebisho ya 1983.

Yapo pia mambo yanayokatiza malipo yenyewe. Mapitio ya hali za walipwaji yaliyoshika kasi 1981 yaliwaondoa watu wengi sana, hata Bunge likapitisha sheria ya 1984 iliyodai ushahidi kwamba afya ya mtu imeimarika kabla ya kumwondoa. Asiyetoa taarifa ya kazi au kipato chake huweza kulipwa zaidi ya haki yake, kisha fedha hizo zikakatwa katika mafao ya baadaye. Anayekataliwa ana siku 60 za kukata rufaa, na rufaa huweza kuchukua miezi mingi.

Historia hii inaonyesha kwamba serikali imefaulu zaidi kulipa kwa tarehe kuliko kuamua kwa haraka. Aliyekwisha kukubaliwa anaijua siku yake mapema. Mzigo mkubwa uko kwa anayesubiri uamuzi, na hapo ndipo marekebisho yanapohitajika zaidi.